Mchoro na Rangi Yake

Mtu anapochora jina lake juu ya chombo chake, husema neno bila kufungua kinywa. Neno lenyewe ni fupi: chombo hiki kina mwenyewe. Lakini neno hilo huambiwa nani? Huambiwa mwizi, ili aogope? Huambiwa jirani, ili asikosee? Huambiwa hakimu, ili siku ya daawa apate ushahidi? Swali hili laonekana dogo, na yamkini wako watakaoliona kuwa halistahili kujadiliwa na watu wazima. Lakini iko nchi ambamo watu hufanya kazi gizani, wakiwa wametoka mikoa mbalimbali, na vyombo vya mmoja hulala usiku pamoja na vyombo vya mwingine. Katika nchi hiyo jibu la swali hili laweza kuleta amani, na laweza kumwaga damu.

Nchi inayosemwa ni ukanda wa madini ulio kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Shinyanga hata Geita. Upande wa Shinyanga iko Mwadui, ambako John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Upande wa magharibi iko dhahabu. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 kwa kukusanya sehemu zilizokuwa za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mgodi mkubwa ulio jirani na mji wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, katika nchi ya Kahama, ulifuata mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo yenye mitambo iko migodi ya wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa, Kakola, Mwime na mingine mingi. Humo mna mashimo yaitwayo maduara, mna kamba na ndoo, mna magogo ya kushikilia kuta, mna makarasha ya kusaga mawe. Na mikononi mwa watu mna nyundo, moko, sururu, mtarimbo na koleo. Vyombo hivi hufanana mno. Nyundo iliyonunuliwa Kahama haina tofauti na nyundo iliyonunuliwa Katoro, na zote mbili zikikaa siku tatu katika tope, hata muuzaji wake hawezi kuzitenga.

Kwa hiyo mtu asiyetaka kupoteza chombo hukichora. Juu ya chuma herufi hupigwa kwa ncha ya moko au kwa msumari mgumu. Juu ya mpini hutumika kisu. Juu ya kofia ngumu ya plastiki hutosha msumari uliopata moto. Lakini mchoro peke yake una kasoro. Tope huujaza, kutu huula, na katika mwanga wa tochi herufi za chuma juu ya chuma hazisomeki. Jina lipo, lakini halionekani; na jina lisiloonekana ni kama shahidi aliyelala usingizi siku ya kesi. Hapo ndipo ifaapo chupa ndogo ya rangi ya kucha.

Rangi hiyo si ngeni katika kazi ya kutambulisha mali. Wanawake wa Tanzania wameitumia siku nyingi. Sufuria, sinia na sahani zinapoazimwa mtaa mzima kwa ajili ya arusi au matanga, mwenye chombo hutia doa au herufi chini ya chombo chake, ili siku ya kurudisha vyombo kila mtu aende na chake. Wanafunzi wa shule za bweni hufanya vivyo hivyo kwa ndoo, sahani na vijiko vyao. Jambo la machimboni ni tawi la mti huo huo. Tofauti ni kwamba machimboni rangi haitoshi bila mchoro, kwa kuwa rangi iliyopakwa juu ya uso wa nyundo hubanduka upesi kwa mapigo na msuguano wa mawe. Mchoro wahitaji rangi ili uonekane, na rangi yahitaji mchoro ili idumu.

Kazi yenyewe ni fupi, ila yataka subira. Mchoro husuguliwa kwa mswaki mkuukuu na sabuni mpaka mafuta yote yaondoke, kisha chombo huachwa kikauke kabisa. Rangi hudondoshwa ndani ya mchoro mpaka ufurike kidogo. Ikikaza, kitambaa huviringwa juu ya kibao bapa, hutiwa dawa ya kutolea rangi ya kucha kiasi cha unyevu tu, kisha hupitishwa juu ya chuma mara moja au mbili. Kitambaa kilichonyoshwa hakiingii bondeni. Hufuta rangi ya juu na kuiacha ile ya ndani. Jina hubaki jekundu au jeupe, limelala chini kidogo ya uso wa chuma, mahali ambapo kiganja na jiwe haviwezi kulifikia kwa urahisi.

Rangi hii ina nasaba ya ajabu. Kiini chake ni nitroselulosi, yaani pamba au nyuzi za miti zilizogeuzwa kwa asidi ya naitriki, kisha zikayeyushwa katika kiowevu chepesi. Kiowevu hicho hupaa hewani, na kinachobaki ni ngozi ngumu isiyoyeyuka majini. Nitroselulosi ndiyo aliyoichanganya Alfred Nobel na nitrogliserini mwaka 1875, akapata baruti kali ya kupasulia miamba. Basi kitu kimoja chaweza kuvunja mlima, na kitu hicho hicho chaweza kupamba kidole. Kikitiwa katika mchoro wa nyundo huwa shahidi wa mali. Kwa sababu ya nasaba hiyo, na kwa sababu ya kiowevu kinachopaa, rangi hii na dawa yake hushika moto upesi, na haifai kutumiwa karibu na jiko wala ndani ya duara. Na kama kitu chenyewe kinavyokuwa kimoja katika kazi mbalimbali, ndivyo na kitendo cha kutia alama: sura yake ni moja, lakini nia zake zaweza kuwa nyingi. Nia hizo ndizo zinazopasa kupimwa.

Wako watu wanaosema kwamba kutia alama ni dalili ya kuharibika kwa ujirani. Hoja yao si dhaifu. Katika kijiji cha watu waliokua pamoja, jembe hujulikana kwa mpini wake, kwa ufa wake, kwa jinsi lilivyolika upande mmoja kwa sababu mwenye nalo hulima kwa mkono wa kushoto. Hapana haja ya jina. Atakayeliona limesahauliwa njiani atalipeleka kwa mwenyewe bila kuuliza. Mtu akianza kuchora herufi kubwa juu ya jembe lake katika kijiji kama hicho, majirani watajiuliza ni nani miongoni mwao anayeshukiwa. Alama hiyo, kwa maoni yao, ni tusi lililoandikwa: humwambia kila apitaye kwamba huenda ni mwizi.

Kundi la pili hujibu kwa methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwao tahadhari si tusi. Mwenye kufunga mlango wake hamtukani jirani. Amefunga tu mlango. Na kama jirani ni mwaminifu, mlango uliofungwa haumdhuru. Wizi upo, husema hao, na mtu asiyejilinda hana haki ya kulalamika. Kwa hiyo mchoro uwe mrefu, na rangi iwe kali, ili mwizi ajue kwamba chombo kina macho.

Makundi haya mawili hupingana, lakini yana kosa moja la pamoja. Yote mawili hudhani kwamba alama huambiwa mwizi. La kwanza huchukia kwa sababu jirani amegeuzwa mwizi. La pili hufurahi kwa sababu mwizi ametishwa. Ikiwa dhana hiyo ni ya kweli, rangi ya kucha haina kazi yoyote. Mwizi hahitaji ila pamba na dawa ya kutolea rangi, na katika muda wa kunywa kikombe cha chai rangi yote imekwisha. Kama ni kumzuia mwizi, mchoro mrefu peke yake ungefaa zaidi, kwa maana huo hautoki ila kwa kusaga chuma chenyewe, na alama ya kusaga nayo huonekana. Mtu aliye na akili, akijua hayo yote, bado hutia rangi. Kwa nini?

Hutia rangi kwa ajili ya mtu mwaminifu. Hilo ndilo jibu, na ndilo linalobadili maana ya kitendo chote. Mchoro na rangi ni ndugu wawili wanaosema neno moja kwa watu wawili. Mchoro huzungumza na mwizi na hakimu. Ni mzito, mgumu, na hungoja siku ya ugomvi. Rangi huzungumza na jirani asiye na nia mbaya, aliyechoka, ambaye macho yake yamejaa vumbi na ambaye yuko karibu kuchukua kisicho chake bila kujua. Mchoro husaidia kuamua kosa likiisha kutendeka. Rangi husaidia kosa lisitendeke.

Uzito wa tofauti hiyo hauonekani vizuri ila kwa kufikiri juu ya maisha ya machimboni yenyewe. Habari ya dhahabu mpya ikienea, watu humiminika kutoka kila upande. Msukuma hukaa na Mha, Mkurya na Mhaya, Mnyiramba na Mfipa, katika vibanda vya maturubai vilivyojengwa kwa siku moja. Mtu hatambuliwi kwa ukoo wala kwa jina la babu yake. Hutambuliwa kwa jina la utani, na pengine kesho amekwisha kuhama. Ule ujirani unaojua jembe kwa mpini wake haupo hapo, wala haukuvunjwa na mtu. Haujapata muda wa kuota. Na katika mahali pa namna hiyo neno mwizi ni neno la kutisha kuliko baruti. Likipigiwa kelele, watu hukusanyika na mawe na marungu, na mara nyingi polisi hufika wakati aliyeshutumiwa hawezi tena kujieleza. Magazeti ya Tanzania yamezoea kuandika kwamba mtu huyo ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Maneno hayo huficha jambo moja: kwamba hasira, hata ikiwa kali, haina macho ya kutofautisha aliyeiba na aliyekosea.

Na ifikiriwe hali hii. Kijana atoka katika duara alfajiri, baada ya kupiga moko usiku kucha. Nyundo nne zimelala penye mdomo wa shimo, zote zimevaa tope. Aichukua moja, aitia begani, ashika njia. Mwenye nyundo atoka nyuma yake, aikosa, amwona kijana anakwenda zake. Apiga kelele. Chini ya tope la nyundo ile mna herufi zilizochorwa vizuri kabisa, nazo zitamshuhudia mwenye mali bila kukosea. Lakini zitamshuhudia lini? Zitamshuhudia baada ya watu kukusanyika, baada ya kijana kusema kwamba nyundo ni yake kwa kuwa adhani hivyo, baada ya tope kuoshwa na jina kusomwa na uongo wake kuonekana, ingawa hakusema uongo. Ushahidi wa mchoro ni wa kweli, na ukweli huo waweza kumwua mtu asiye na hatia.

Sasa herufi zile zile na zitiwe rangi nyeupe. Tope huzificha kidogo, lakini kidole cha gumba kikipita huzifunua, na mwanga wa tochi huzidaka. Kijana aona si jina lake, airudisha nyundo chini, achukua yake. Hapana aliyepiga kelele. Hapana aliyejua kwamba asubuhi ile mtu alikuwa karibu kufa. Wema wa namna hii hausifiwi, kwa sababu hauachi tukio la kusimulia. Lakini huenda ndio wema mkubwa kuliko ule wa kumtetea mtu katikati ya mawe. Sheria huadhibu kosa, na huruma husamehe kosa. Busara hutangulia zote mbili ikaziba njia ambayo kosa lingepita.

Yafuata kwamba mwenye mali ana wajibu ambao aghalabu hausemwi. Watu husema sana juu ya wajibu wa asiye na mali: asiguse, asitamani, asichukue. Ni kweli. Lakini aliye nacho naye yapasa asikiweke chake katika hali ambayo mwenziwe atakosea kwa urahisi, kisha aje kumlaumu. Atakayechimba shimo njiani na kuliacha bila kizuizi ana sehemu yake katika mguu uliovunjika. Vivyo hivyo, atakayeiacha nyundo yake bila jina linalosomeka, mahali penye nyundo kumi zinazofanana, ana sehemu yake katika ugomvi utakaozuka. Rangi ya kucha ni kitu cha bei ndogo. Mwenye kuikataa kwa sababu ni pambo la wanawake amepima vibaya, kwa kuwa ameweka aibu yake juu ya usalama wa jirani.

Hata hivyo, haifai kuipa alama heshima isiyo yake. Alama haiumbi haki. Huitangaza tu, na tangazo laweza kuwa la uongo. Wafugaji wa Usukuma wanalijua jambo hili kuliko watu wa vitabuni. Ng'ombe hukatwa masikio na kupigwa chapa ya moto, na mwaka 2010 Tanzania ilitunga sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ili alama hizo ziwe na daftari. Lakini chapa yaweza kupigwa juu ya chapa, na sikio lililokatwa mara moja laweza kukatwa mara ya pili. Kadhalika nyundo. Mtu aweza kuchora jina lake juu ya nyundo aliyoiba jana na kuipamba kwa rangi nzuri. Na mtu mwingine aweza kununua kwa halali nyundo kuukuu iliyo na jina la mtu aliyehama. Katika hali ya kwanza alama humtetea mwizi, na katika hali ya pili humshtaki mnunuzi. Kwa hiyo alama ni mwanzo wa swali, si mwisho wa hukumu. Anayesoma jina juu ya chombo kilicho mkononi mwa mwingine hajajua bado kwamba ameona wizi. Amejua tu kwamba yapasa aulize.

Historia ya nchi hiyo hiyo yathibitisha hatari ya kuruka swali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu ili kukomesha wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulioshinda nguvu za polisi. Walifaulu katika sehemu nyingi, na wananchi waliwashukuru kwa haki. Lakini pia walilaumiwa kwa adhabu zilizotolewa bila mahakama, na baadhi ya waliotiwa mikononi mwao walishtakiwa si kwa wizi bali kwa uchawi. Ulinzi uliozaliwa kwa nia njema uliweza kupotoka pale watu walipodhani kwamba dalili ni sawa na ushahidi.

Na iko dalili moja iliyosomwa vibaya katika nchi hiyo kwa miaka mingi, nayo ni rangi. Vikongwe wengi wa Usukuma wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi macho yao mekundu yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Wekundu huo waweza kutoka katika moshi wa jiko, hasa jiko la kinyesi cha ng'ombe mahali penye uhaba wa kuni, ambao mwanamke ameuvumilia miaka hamsini ili watoto wale. Yaani alama ya utumishi imesomwa kama alama ya hatia. Kadhalika, hasa kuanzia mwaka 2007, watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa waliwindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, hata wa machimboni. Rangi ya ngozi, ambayo haikuandikwa na mtu yeyote na haina neno lolote la kumwambia mchimbaji, ilisomwa kana kwamba ni maandishi.

Hapa ndipo kazi ndogo ya kutia rangi katika mchoro inapofundisha jambo lililo kubwa kuliko yenyewe. Rangi iliyo katika herufi za nyundo ina mwandishi: mtu aliyeinama na chupa yake, aliyejua alitaka kusema nini, na aliye tayari kuulizwa. Rangi iliyo katika jicho la kikongwe au katika ngozi ya mtoto haina mwandishi wa kibinadamu; anayedai kuisoma ndiye aliyeiandika moyoni mwake. Vyombo huandikwa ili watu wasidhulumiwe. Watu wenyewe hawakuandikwa kwa ajili ya kusomwa na wengine. Huulizwa, nao hujibu. Anayechanganya mambo haya mawili, akamsoma mtu kama asomavyo chombo, amepoteza ile akili iliyomfanya atie alama tangu mwanzo.

Lipo jambo la mwisho la kuchunguza, nalo ni kwamba kitu ambacho kwa ajili yake vyombo vyote hivi vimenunuliwa hakidumu na alama. Almasi ya Mwadui yaweza kuchorwa nambari ndogo mno kwa miale ya leza, nayo ikaenda nayo hata ng'ambo. Dhahabu siyo hivyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na muhuri wowote uliopigwa juu yake hufa pamoja na umbo lake. Zebaki huikusanya, moto huiacha peke yake, na dhahabu ya aliyechimba na dhahabu ya aliyedhulumu huwa donge moja linalong'aa sawasawa. Kabla ya hapo ilikuwa imefichwa katika mawe ndani ya mifuko, na mifuko hiyo hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji walioshuka. Katika mgawo huo hapana mchoro wala rangi inayosaidia. Lililopo ni neno la watu, na maandishi yao kama wameandika.

Mara nyingi jina lililo juu ya nyundo ni la mwenye fedha, aliyeinunua. Na mpini wake umelika kwa mkono wa mtu mwingine, ambaye jina lake halikuchorwa popote. Si kosa kwa mwenye fedha kutia jina lake juu ya alichonunua. Lakini mtu atakayetia rangi kwa uangalifu juu ya nyundo, kisha akaacha mapatano ya mgawo yaelee katika maneno ya mdomo tu, ni kama mfugaji aliyefunga banda la kuku akaacha zizi la ng'ombe wazi. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, ili dhahabu ipimwe na kuandikwa hadharani. Hilo ni jema, lakini soko hupima kilichofika sokoni. Haliwezi kujua nani alikitoa chini na aliahidiwa nini. Jasho la mchimbaji nalo lahitaji mchoro wake na rangi yake: mapatano yaliyoandikwa, yanayosomeka kwa wote, tena yaliyoandikwa kabla ya kushuka na si baada ya kupanda. Hoja ni ile ile iliyosemwa juu ya nyundo. Mapatano ya wazi hayamtukani mwenzio, humsaidia asikosee.

Mwezi Novemba mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, wanaume 5 walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi iliyowaporomokea. Duara linapoporomoka, wale walio juu hawaulizi kwanza habari ya dhahabu. Huuliza: ni nani aliyemo? Katika saa hiyo kofia iliyoachwa penye mdomo wa shimo, au ndoo, au mtarimbo wenye jina linalosomeka, haisemi tena kwamba chombo hiki kina mwenyewe. Husema kwamba mwenyewe huyo yuko chini, na kwamba watu wachimbe. Neno lililoandikwa kwa ajili ya mali limegeuka kuwa neno la kumwombea mtu.

Rangi ya kucha haidumu milele. Mapigo huitoa punje kwa punje, na baada ya miezi kadhaa huhitaji kutiwa upya. Wengine wataihesabu kuwa kasoro yake. Lakini mchoro hufanywa mara moja, na mtu aweza kuusahau. Rangi humlazimisha mwenye chombo kuinama tena, kuosha tope, kusoma jina lake mwenyewe, na kumkumbuka yule jirani asiyejulikana ambaye alfajiri moja atapita mahali pale amechoka, naye atahitaji kuona vizuri.